Esaiga kwa Kijana Asiye na Makao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama, Nyamarambe)



Naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusema nanyi leo. Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wasio na makao, na hasa juu ya hoja iliyo mezani, ya kwamba Chama kinunue kiwanja na kujenga makao ya watoto hapa Nyamarambe. Nitasema waziwazi tangu mwanzo, ili asiwepo mtu wa kungoja mpaka mwisho ajue nimesimama upande gani. Siungi mkono ujenzi huo. Naunga mkono fedha hizo hizo zitumike kwa vijana hao hao, lakini kwa njia nyingine, nami nawaomba mnisikilize kwa subira kabla ya kupiga kura.

Vijana tunaowasema si wageni kwetu. Siku ya soko mtawaona wakibeba magunia ya ndizi na miwa, wakiosha pikipiki za boda boda, wakiokota chupa za plastiki na vyuma chakavu, au wakiteka maji ya hoteli kwa malipo ya chakula kilichobaki. Wengine huenda Tabaka kupiga msasa vinyago vya mawe laini. Usiku hulala barazani pa maduka, chini ya meza za soko, au ndani ya jengo ambalo mwenyewe aliishiwa na fedha kabla ya kuliezeka. Akishazoea maisha hayo, kijana hupanda gari kwenda Kisii, akakaa karibu na soko la Daraja Mbili. Na akishazoea Kisii, Kisumu na Nairobi si mbali. Mwaka 2018 Serikali ilipohesabu watu wanaoishi mitaani katika nchi nzima ya Kenya, ilipata zaidi ya 46,000. Yapata theluthi moja walikuwa Nairobi. Waliosalia walikuwa katika miji mingine, mikubwa kwa midogo, nayo ni habari iliyowashangaza wengi waliodhani kwamba jambo hili ni la jiji kuu peke yake.

Tunawaita machokoraa, kwa kuwa huchokora mapipa ya taka. Katika Kiswahili cha zamani neno hilo lilikuwa la mtoto wa kutumwatumwa jikoni. Chokora wa siku zile, ingawa alikuwa mtu duni, alikuwa na jiko la watu la kulala kando yake. Sisi tumelichukua jina tukaliacha jiko.

Basi kwa nini kijana aiache nyumba yenye paa, aje kulala juu ya saruji? Majibu tunayoyasikia kila siku ni pombe ya wazazi, ukaidi wa watoto, umaskini, na kufiwa. Yote ni kweli kwa kiasi chake. Wako pia waliotawanyika na jamaa zao wakati wa fujo za uchaguzi wa mwaka 2007, na wako walioizoea njia ya soko shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wasirudi zilipofunguliwa Januari 2021. Walakini liko jambo moja ambalo hatulisemi mikutanoni, maana ni jambo la nyumbani kwetu, nalo ni esaiga.

Kwa ajili ya wanachama wetu wasio Abagusii, yafaa nieleze. Mtoto wa kiume wa Kigusii akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Chinsoni, yaani heshima na staha baina ya vizazi, zakataza. Zamani vijana walikaa pamoja katika ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mapema katika karne iliyopita. Baada ya hapo ikabaki esaiga, nyumba ndogo ya kijana katika boma la baba yake. Huko hulala, hupokea rafiki zake, huweka vitabu vyake na nguo zake. Esaiga ndiyo iliyomwambia kijana kwamba amekuwa mtu, na kwamba ana mahali.

Sasa tazameni ardhi yetu ilivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 950 katika kila kilomita moja ya mraba, hali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Mzee aliyerithi ekari nne akawa na wana watano, na kila mwana akazaa wengine, mjukuu apewe nini? Hata pale pa kusimamisha chumba cha futi kumi kwa kumi panakuwa neno la kugombana. Ila desturi ya tohara haikupungua pamoja na ardhi. Kila mwaka, likizo ya Novemba na Desemba, wavulana wetu wanatahiriwa, wanaimbiwa na kupewa zawadi, tena siku hizi wakiwa wadogo kuliko zamani, wengine hawajafika miaka kumi. Watoka katika kukaa kwao ndani mnamo mwisho wa mwaka. Je, watoka kwenda kulala wapi?

Chukueni mfano wa kijana ambaye mama yake alimzaa kabla ya kuolewa, kisha akaolewa kwingine. Kijana akabaki kwa bibi yake mzaa mama. Alipokuwa mdogo alilala kwa bibi na hakuna aliyeuliza kitu. Ametahiriwa, sasa kwa bibi halali. Wajomba hawamkatai kwa maneno, ila hakuna anayemwonyesha mahali pa kuchimba shimo la nguzo. Analala kwa rafiki mwezi mmoja, mpaka jamaa za rafiki wachoke. Analala katika jiko la jirani, mpaka kuku apotee. Siku hiyo kila mtu anajua nani mwizi, hata kama kuku alichukuliwa na kicheche. Ndipo asubuhi moja mnamkuta sokoni. Hakuna mtu aliyemfukuza. Ukiwauliza wajomba watakuambia kwa moyo mweupe kwamba kijana alitoroka.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu dawa hutokana na ugonjwa wenyewe. Ikiwa kijana huyu alitoka nyumbani kwa kukosa chumba kimoja, tutamjengea bweni la vitanda arobaini mjini, na tumfunze kwamba kwao ni pale?

Wanaoleta hoja ya kujenga makao wametaja mfano wa Starehe, nao ni mfano wa kuheshimiwa. Mnamo Novemba 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianza kazi Nairobi kwa vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na makampuni ya Shell na BP. Leo shule hiyo yajulikana katika Afrika nzima. Lakini kumbukeni watoto wale walikuwa nani. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika Aprili 1954 maelfu ya watu wa Nairobi walikamatwa kwa siku chache na kupelekwa vizuizini. Watoto wengi walibaki bila baba wala mama, na mashamba ya kwao yamevurugwa. Kumrudisha mtoto kwao hakukuwezekana, maana kwao kulikuwa kumeondoka. Mtoto anayelala barazani hapa Nyamarambe, kwao mara nyingi ni mwendo wa saa moja kwa miguu, ng'ambo ya vilima hivi. Wengine nikisema jina la ukoo, kuna mtu ndani ya ukumbi huu atakayeinamisha uso.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la White Fathers, aliyekuwa Nairobi katika miaka ile ambayo wavulana wa mitaani waliitwa "parking boys", kwa kuwa waliwaongoza wenye magari mahali pa kuegesha wakiomba senti. Padre huyo hakungoja waletwe kwake. Aliwafuata usiku walikolala, akakaa nao na kuzungumza nao. Katika mwaka 1973 ikazaliwa Undugu Society of Kenya. Chama hicho kikaanzisha masomo mafupi kwa watoto wasioweza kurudi katika shule ya kawaida, kikafundisha kazi za mikono, na baadaye kikaona kwamba haifai kumshughulikia mtoto peke yake na kumwacha mama yake katika kibanda kinachovuja. Kikasaidia wakaaji wa vijiji vya Kitui, Kanuku na Kinyago, karibu na Pumwani, kujenga nyumba za gharama ndogo. Mwendo huo wa kumtafuta kijana alipo kwanza, kisha kumsikiliza, kisha kutazama nyumba aliyotoka, ndio ninaouomba hapa.

Sheria nayo imetutangulia. Ile ya uzururaji tuliyoirithi kwa wakoloni, iliyomfanya mtu asiye na makao kuwa mkosaji, ilifutwa mwaka 1997. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu, na haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Kisha mnamo Novemba 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na katika mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kulelewa katika jamaa na jumuiya. Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo ilitambua malezi ya jamaa, yaani mtoto kulelewa na ndugu zake wa karibu. Tukijenga bweni tutakuwa tunauendea mto kinyume cha maji yake.

Najua watakaosema kwamba jengo huonekana. Ni kweli. Jengo lina jiwe la msingi lenye jina la mgeni wa heshima, na wafadhili hupenda kupigwa picha mbele yake. Lakini jengo pia lina mpishi, mlinzi, matroni, kuni, unga, na hati ya stima kila mwezi, hata mwezi ambao wanachama hawakulipa ada. Esaiga ya futi kumi kwa kumi yataka mabati yapata kumi, nguzo za mkaratusi ambazo kila mlima wetu unazo, fito, misumari, mlango wenye kufuli, na siku chache za mafundi wawili. Kukandika udongo ni kazi ya kijana mwenyewe na rafiki zake, na yafaa iwe yao. Ikishasimama haidai mshahara.

Sasa niseme jinsi kazi ilivyo, kwa sababu si kazi ya mabati tu.

Mtu wa kumwona kijana mpya sokoni kabla ya wote ni mama anayeuza mboga, na mlinzi wa usiku. Hao ndio macho yetu, tukiwaheshimu na kuwauliza. Wanachama wawili wawili, kamwe si mmoja peke yake, waende jioni maduka yanapofungwa na tena alfajiri kabla ya watu kuamka. Mara ya kwanza wasiulize maswali mengi. Kijana aliyeulizwa na polisi, na askari wa kaunti, na kila mlevi apitaye, amekwisha tunga majibu ya kila swali. Wajulishe majina yao, waseme watarudi lini, na warudi siku hiyo hiyo waliyosema. Kuvunja ahadi mara moja hupoteza kazi ya wiki sita. Akiwa ni mtoto chini ya miaka 18, afisa wa watoto wa eneo letu apewe habari mapema, na asiwepo mwanachama wa kumchukua mtoto nyumbani kwake kwa huruma tu bila idhini. Nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana, na yafaa iandikwe kwa rangi ukutani pa soko.

Baada ya hapo ndipo safari ya kwenda kwao. Mtoto aliyerudishwa bila kutengenezwa lile lililomtoa atakuwa sokoni tena kabla ya wiki mbili. Kwa hiyo tumpeleke tukijua atalala wapi usiku huo, na anayemtembelea aendelee kwenda mwezi baada ya mwezi, hata mambo yakionekana yametulia.

Iko hoja ya pili niliyoisikia nje ya ukumbi huu, ya kwamba kijana aache kwanza gundi na chang'aa, ndipo asaidiwe kupata nyumba. Wenzetu wa Finland waliijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2008 nchi hiyo imefuata mpango wa kumpa mtu asiye na makao nyumba kwanza, yenye ufunguo wake, bila kumngoja aache ulevi, kisha akasaidiwa mengine akiwa ndani. Wasio na makao wakapungua sana. Finland ni nchi tajiri, nami sisemi tuige kila kitu. Lakini jambo lenyewe laeleweka hata hapa. Anayelala juu ya saruji katika mvua ya Aprili huvuta gundi ili asisikie baridi wala njaa, na kumwambia aache gundi huku akibaki pale pale ni kumtaka afanye ambalo wengi wetu tusingeliweza.

Juu ya wasichana nitasema kwa uchache, si kwa sababu ni wachache, bali kwa sababu hawaonekani barazani. Msichana asiye na makao huchukuliwa haraka, akawa mtumishi wa nyumba asiyelipwa, au mke wa mtu aliyemzidi miaka ishirini. Aliyepata mimba akafukuzwa na baba yake ana haki ya kurudi shuleni. Miongozo ya Serikali ya mwaka 2020 yasema hivyo. Ila shule haitampa mahali pa kulala na mtoto wake mchanga. Esaiga si desturi yake. Kwa yeye naomba Chama kitafute wajane na akina mama watu wazima walio na chumba cha ziada, wakubaliwe na afisa wa watoto, na walipwe kitu kidogo kwa mwezi. Akina mama wa Chama ndio watakaowachagua, wanaume tusiingilie.

Wako pia waliokwisha kuwa watu wazima mitaani, wa miaka 19 au 22, ambao hawatarudi kwa bibi. Mwaka 2003 Serikali ilichukua vijana wengi wa mitaani ikawapeleka katika Huduma ya Vijana kwa Taifa wafunzwe kazi, nalo lilikuwa jambo jema. Kijana wa umri huu hahitaji mlezi. Ahitaji chumba cha kupanga kwa miezi sita, fundi wa kumfunza uashi, kuchomelea au ushonaji, na kitambulisho. Hiki cha mwisho ndicho kizito. Huwezi kupata kitambulisho bila hati ya kuzaliwa na karatasi za wazazi, na asiye nacho hawezi kusajili simu wala kupokea fedha kwa simu, na askari akimkuta usiku hana la kumwonyesha. Katibu wetu ajuaye kuandika barua vizuri aweza kumfaa kijana wa namna hii kuliko mwenye fedha.

Wazee wangu, nimefika mahali ambapo fedha za Chama hazina kazi. Kamati yaweza kununua mabati, lakini haiwezi kununua ruhusa ya kuyasimamisha. Tunaposema kijana ajengewe esaiga, tunasema ajengewe kwenye ardhi ya mtu, na mtu huyo ni ami yake au mjomba wake au babu yake. Yatakiwa wazee wa ukoo waende bomani, wakae na wenye ardhi, waonyeshe kwa fimbo pale patakapojengwa, na maneno yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya chifu, ili mzee akifa kijana asing'olewe pamoja na nguzo zake. Anayeogopa kwamba chumba cha futi kumi kitageuka kuwa dai la shamba zima asikilizwe pia, maana hofu yake si upuuzi. Iandikwe wazi kijana amepewa nini na hakupewa nini. Yatima wa baba mwenye fungu lake ni jambo jingine. Huyo haombi hisani, na wazee wasimfanye kana kwamba anaomba.

Wako kati yetu ambao boma lao wenyewe litahusika. Sitataja mtu. Nasema tu kwamba kujengewa kijana bweni mjini kwa michango ya watu wote kungewapendeza sana ndugu ambao wangetaka asionekane tena kule kijijini, na Chama chetu kisitumike kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa hoja kwamba fedha zilizotengwa kwa kununua kiwanja ziwekwe katika mfuko wa makao ya vijana, utakaolipia mabati, milango, kodi za vyumba na nauli za watembezi. Kwamba kila tawi lichague wazee watatu na akina mama watatu wa kushughulikia habari hii. Na kwamba majina ya watoto yasisomwe kamwe katika mkutano wala kuchapwa katika taarifa ya mwaka, bali yawe na Katibu na afisa wa watoto peke yao. Nimeambiwa mzee wa tawi la Etago yuko tayari kuunga mkono, na kwamba wako walio tayari kupinga. Nawaachia nafasi.